Kadi Moja, Watu Wawili

Mwezi uliopita kikundi cha wakulima kutoka Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kilikuja Dodoma kuangalia mashamba ya zabibu. Mwanamke mmoja kati yao, kabla hajaonja hata tunda moja, akaanza kuwauliza wenyeji wake kama kuna anayemfahamu Zaina wa Msumbiji aliyesoma hapa zamani. Dodoma imekuwa kubwa siku hizi, lakini Wamsumbiji tuliozeekea humu hatufiki kumi. Jioni ileile mwenyeji wao akanipigia simu. "Mama Zaina, shikamoo. Kuna mgeni wako hapa, anasema anaitwa Otilia." Nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango, simu bado iko sikioni, yule bwana akawa anasema haloo, haloo, akidhani mtandao umekatika. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia Otilia siku tutakayoonana, na wakati ule sikukumbuka hata moja. Nikasema aje kwangu Msalato, Jumapili, tule chakula cha mchana. Zilibaki siku tatu. Katika siku hizo niliuishi tena ule mwaka wote, na ndio ninaouandika hapa.

Tulikuja wasichana wawili, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya nchi yetu na Tanzania: mwaka mmoja, kozi ya ushirika na mipango ya vijiji, katika chuo ambacho sitakitaja jina. Mimi nilikuwa na Kiswahili tangu utotoni, maana shule ya msingi niliisomea kusini mwa Tanzania tukiwa wakimbizi. Otilia alikuwa na Kimakua, Kireno, na Kiingereza cha miezi sita. Tulipewa chumba cha mwisho kwenye korido ya bweni: vitanda viwili vya chuma, meza moja, na dirisha lisilofunga sawasawa, ambalo upepo wa Dodoma ulipitishia vumbi jekundu mpaka ndani ya mashuka. Ukilala mdomo wazi, unaamka unatafuna mchanga. Otilia alikuwa mrefu, mpole, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa mkalimani wake sokoni, zahanati, kwa mhasibu, hata kwa wavulana waliomwandikia barua. Nilipokuwa nikisema kwa niaba yake alikuwa akinitazama midomo kwa makini, na mimi, lazima nikiri, nilipenda kutazamwa vile. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akinitegemea.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Wenzetu Watanzania walitusimulia kwamba miaka michache tu nyuma walikuwa wakipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu. Sasa sabuni ilikuwepo ya kila rangi, na sukari, na redio, na marobota ya mitumba yakifunguliwa barabarani watu wakigombania. Kila kitu kilikuwepo ila uwezo wa kukinunua. Posho yetu ilipangwa na maofisa wa serikali mbili wakati bei zikiwa nyingine kabisa. Kabla ya kutufikia ilipitia benki ya kule na benki ya huku, na ilipotufikia shilingi ilikuwa imeshuka tena. Chuo nacho kilikuwa kimeacha kulisha wanafunzi bure. Jiko lilikabidhiwa kwa mzabuni, mfanyabiashara wa mjini, na kila mwanafunzi alitakiwa kununua kadi ya chakula ya mwezi mzima. Kadi ilikuwa na visanduku vidogo, viwili kwa kila siku. Ukifika dirishani karani wa mzabuni anatia alama ya kalamu ya risasi, ndipo unapewa sahani. Bila kadi, huli.

Nikisimulia mambo haya wanangu wanacheka, wanadhani naongeza chumvi. Tulikata mche wa sabuni kwa uzi, vipande sita, kila kipande wiki moja na nusu. Chai tuliinywa kavu, bila sukari, tukajifundisha kuwaambia watu kwamba ndivyo tunavyoipenda. Barua za nyumbani tuliandika pande zote mbili na pembezoni, halafu hatuzitumi mpaka tupate hela ya stempu, kwa hiyo habari zetu zilifika zimechacha. Tulikwenda mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na njiani tulikuwa na mchezo wa kutaja vyakula, mmoja mmoja, mpaka siku moja Otilia akasimama katikati ya barabara akasema kwa Kireno, "Tuache. Huu si mchezo tena." Hatukuucheza tena baada ya hapo.

Mwezi wa tatu posho haikuja kabisa. Mhasibu alituonyesha faili, akatuonyesha telegramu, akatuambia, "Mabinti zangu, hata mimi mshahara wangu wa mwezi jana sijauona." Tukachanga tulizokuwa nazo tukapata za kadi moja tu, tukaiandikisha kwa jina la Otilia kwa kuwa zake ndizo zilizokuwa nyingi, na kila mwezi uliofuata tukauza nguo moja moja kununua nyingine. Tukapatana: mchana anakula yeye, jioni nakula mimi, na kila mmoja anambakishia mwenzake kidogo kwenye kopo la maziwa ya unga tulilolificha ndani ya khanga. Ugali uliolala koponi kwa saa sita unakuwa mgumu kama mpira. Tuliumega na kuutafuna taratibu, tukiwa tumekaa kitandani tumepeana migongo, kwa sababu ni vigumu kumtazama mtu anayekula wakati zamu yako bado.

Dirishani aliyekuwa akipakua ni Mama Nyemo, Mgogo wa makamo, mfupi, mikono yake imejaa alama za kuungua. Alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", tangu siku ya kwanza, akacheka tulivyoshindwa kuitikia. Aligundua mapema kwamba tuko wawili kwenye kadi moja. Alianza tu kushindilia sahani yetu, na mlenda akaumwagia juu ya ugali mpaka ukafurika ukingoni. Otilia akawa anakwenda jikoni alasiri kumsaidia kusugua masufuria, na malipo yake yalikuwa ukoko. Alirudi na ule ukoko umefungwa kwenye gazeti, na kila siku na neno moja au mawili ya Kiswahili. Mwiko. Jivu. Bado kidogo. Alinitamkia mimi nimsahihishe, kisha nikasahau kwamba anajifunza, nikawa namtafsiria kama kawaida.

Katikati ya mwaka tulipelekwa Mlali kwa mafunzo ya vitendo, tukakaa siku nane kwa wanakijiji waliokuwa na haki zote za kutunyima. Mvua zilikuwa zimekata mapema, uwele umesimama shambani kama vijiti. Lakini kila jioni mwenye nyumba alituita, tukanawa, tukala ugali wa mtama na mlenda wa kukausha hadi tukasema basi. Otilia alinenepa uso kwa siku zile nane. Sikumbuki hata jambo moja nililojifunza kule kuhusu ushirika, ila nakumbuka jinsi alivyolala, chali, mikono imetawanyika, kama mtoto. Tuliporudi chuoni njaa ikawa mbaya kuliko mwanzo. Tumbo lililoonja shibe halikubali tena porojo.

Wazo la kufuta lilikuwa langu. Naliandika wazi kwa sababu kwa miaka mingi nimelisema kwa namna ya "tukaanza kufuta". Hatukuanza, nilianza mimi. Alama ilikuwa ya risasi na mimi nilikuwa na ufutio mzuri, zawadi ya shule. Otilia akirudi kula mchana, nafuta kisanduku, nakwenda kula mwishoni mwa foleni, wakati karani amechoka na haangalii nyuso. Jioni vilevile. Siku ya kwanza nilirudi nimeshiba, nikamwambia. Akasema, "Kugawana kadi si wizi. Tumeilipia, tunagawana njaa yetu wenyewe. Kufuta ni wizi." Nikamjibu kwamba mzabuni ni tajiri, ana malori, hatatambua. Akasema, "Sahani anaitoa Mama Nyemo, si yule mwenye malori." Lakini kesho yake alikula mchana na jioni, kama mimi, na hakulizungumzia tena. Njaa ina namna yake ya kumaliza mabishano.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nyuma ya jiko nikimsubiri Otilia, nikamsikia Mama Nyemo akizungumza na mpishi mwenzake. Dirisha la jikoni lilikuwa juu ya kichwa changu.

"Wanasema sahani zimezidi kadi," alisema. "Wanasema sisi wapishi tunapitisha chakula mlango wa nyuma, tunapeleka majumbani."

"Na umewajibuje?"

"Nijibu nini mimi? Wamekata mshahara. Mwezi huu wamekata, na mwezi ujao wamesema watakata tena. Debe la mahindi siku hizi unalijua bei yake. Kule nyumbani nina vinywa saba."

"Si uwaambie unachokiona hapo dirishani?"

Nikasikia mwiko ukikwaruza sufuria. Kisha Mama Nyemo akasema, "Watoto wa watu wale. Kwao kuna vita."

Ningeweza kuacha siku ile. Nilirudi chumbani, nikakaa kitandani, nikautoa ufutio mfukoni nikautazama. Jioni nikafuta. Niliendelea kufuta siku kumi na moja baada ya kuyasikia maneno yale, na Otilia sikumweleza, kwa kuwa nilijua angeacha, na akiacha yeye ningelazimika kuacha na mimi.

Karani naye hakuwa mjinga. Alianza kukandamiza kalamu, hata alama ikifutwa, nyuma ya kadi kunabaki kovu unaloweza kulipapasa kwa kidole. Mimi sikugeuza kadi hata mara moja. Jumatano moja mchana Otilia alitoa kadi dirishani, karani akaigeuza, akaipapasa, akamshika mkono. Nilikuwa chumbani nikisubiri zamu yangu. Aliyekuja kunigongea alikuwa matroni. "Zaina, mkuu wa chuo anakuita. Rafiki yako kapatikana na kosa, na Kiingereza chote kimemkimbia kwa hofu. Njoo utafsiri."

Ofisi ya mkuu ilikuwa na pazia la kijani na saa ya ukutani iliyosimama. Mkuu alikaa nyuma ya meza, matroni pembeni, karani amesimama na kadi mkononi kama hakimu. Otilia alikuwa kwenye kiti katikati ya chumba, kiti cha darasani, kidogo kwa urefu wake. Aliponiona akavuta pumzi, akatulia. Hilo ndilo nisilolisahau: alitulia.

"Tafsiri neno kwa neno," mkuu alisema. "Usiongeze, usipunguze. Mwulize nani alizifuta hizi alama, na nani mwingine alikula kwa kadi hii."

Nikamwuliza kwa Kireno. Otilia akajibu akimtazama mkuu, si mimi, polepole ili niweze kumfuata. Alisema tulikuwa wawili. Alisema posho haikuja, tukanunua kadi moja, tukagawana, kisha tukafuta kwa sababu tulikuwa na njaa. Alisema wapishi hawana kosa lolote na anaomba warudishiwe walichokatwa. Alisema tutalipa zote mbili posho itakapokuja. Kila mahali alisema sisi. Hakusema kwamba ufutio ulikuwa wangu.

Nikageuka kwa mkuu. Nikasema, "Anasema alikuwa peke yake, mheshimiwa. Anasema alikuwa na njaa. Anaomba radhi."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

"Alikuwa anaeleza habari za posho, mheshimiwa."

Mkuu alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alijua. Nadhani pia alikuwa mtu aliyechoka, mwenye barua za mzabuni mezani, na mkosaji mmoja alikuwa rahisi kumalizana naye kuliko wawili. Akavua miwani. "Mwanafunzi wa kubadilishana hafukuzwi," alisema. "Anarudishwa alikotoka. Mwambie Jumamosi kuna basi." Nikamwambia Otilia, na hayo niliyatafsiri neno kwa neno. Kuhusu mishahara ya wapishi hakuna aliyejua kwamba iliombewa.

Chumbani alifunga vitu vyake upesi, havikuwa vingi. Mimi nilisimama mlangoni nikieleza kwa Kireno kwamba mkuu alikuwa ameshaamua kabla hatujaingia, kwamba hawakutaka kusikia habari ya watu wawili, kwamba nilijitahidi. Otilia alikunja khanga yake mara mbili, akaiweka ndani ya begi, kisha akasema kwa Kiswahili, na lafudhi ya Mama Nyemo kabisa:

"Peke yake. Nimesikia."

Akaendelea, sasa kwa Kireno, bila kupandisha sauti. "Nilisubiri umalize. Nilidhani umeanza vibaya na utarudi nyuma kusahihisha. Nikasubiri mpaka akavua miwani." Nilimwuliza mbona basi hakusema mwenyewe. Akasema, "Kwa maneno gani? Mwiko? Jivu?" Tulilala chumba kimoja siku tatu nyingine, na nilikula kwa siku hizo chakula alichokuwa akiletewa na wasichana wa darasani kwetu waliomhurumia. Alikuwa bado ananibakishia kwenye kopo. Nilikula. Jumamosi nilimsindikiza mpaka langoni tu, si mpaka stendi.

Posho ilikuja wiki tatu baadaye, ya miezi yote iliyopita, yangu na yake. Nikatia sahihi yangu. Zake mhasibu akazirudisha benki na kuandika kwenye kitabu kwamba mhusika hayupo. Nikanunua kadi kwa jina langu. Mama Nyemo alinipakulia kama mwanafunzi yeyote, kijiko kimoja cha mboga, na hakunisalimu tena kwa Kigogo, hata nilipomwanza mimi. Muhula ulipokwisha hakuwa tena dirishani. Niliambiwa wamempunguza. Nilifaulu vizuri mwaka ule. Cheti ninacho mpaka leo, na kwa cheti hicho nilipata kazi hapahapa Dodoma, mume hapahapa, kiwanja Msalato wakati viwanja vilipokuwa vya bure. Otilia sikumwandikia. Nilijiambia kwamba kwa ajili ya vita barua hazifiki Nampula, jambo ambalo lilikuwa kweli, na vita vilipokwisha nikatafuta sababu nyingine.

Jumapili alikuja na binti yake, Amelia, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwenye kujua Kireno na Kimakua tu. Otilia amezeeka kuliko mimi. Goti moja halikunjiki, na meno ya mbele mawili hana. Nilikuwa nimepika wali, kuku, maharage, mchicha, vyakula vya kujaza meza mbili, na nilipoona anavitazama nikaona haya. Tukaulizana habari za watoto. Kisha akanisimulia njia aliyorudi, kwa utulivu, kama anayesimulia ya jirani. Kutoka mto Ruvuma barabara zilikuwa zimekatwa na mapigano, akakaa miezi mitano katika kambi ya watu waliokimbia vijiji vyao, na kambini ndiko goti lilikoharibikia. Alipofika kwao barua ya wizara ilikuwa imetangulia. Mwanafunzi amerudishwa kwa wizi wa chakula. Hakupata nafasi ya masomo tena wala kazi ya ofisi. Akarudi shambani kwa mama yake, na shambani yupo mpaka leo.

"Mama anasema alikuwa na rafiki Dodoma," Amelia alisema kwa Kireno. "Anasema mlikula sahani moja."

Nikamtazama Otilia. Hakunizuia wala hakunihimiza. Basi nikamweleza binti yake yote, kwa Kireno changu kilichochakaa: ufutio, yale niliyoyasikia nyuma ya jiko, kiti cha katikati ya chumba, maneno aliyosema mama yake na maneno niliyosema mimi. Nilisema kila neno kama lilivyokuwa. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na nilikuwa nimetarajia, sijui kwa nini, kwamba mtu atanishika bega.

Amelia alingoja ninyamaze. "Bibi alikufa mwaka juzi," akasema. "Alikuwa na ghala la mahindi na karanga. Mama ameishi naye nyumba moja maisha yake yote, akamlimia, akamwogesha alipougua. Ufunguo wa ghala bibi aliuvaa shingoni, na hakuwahi kumpa mama hata siku moja. Mpaka anakata roho alikuwa ameushika." Akasogeza sahani kidogo mbele yake. "Barua yako moja tu ingetosha. Kwa nini unaniambia mimi?"

Otilia akasema kwa Kiswahili, "Chakula kitapoa," akanawa, akala. Alikula taratibu, kila kitu alichopakuliwa, akaomba aongezewe wali, nikamwongezea. Amelia alikaa mikono imekunjwa mapajani mpaka gari lao lilipokuja. Hakugusa chakula changu, na sikuwa na haki ya kumwambia karibu mara ya pili.